Pumzi, Damu na Kisu cha Babu

Babu yangu alikuwa mchinjaji hapa Malindi kwa zaidi ya miaka arobaini, na sikumwona hata siku moja akimwonyesha mnyama kisu. Alikichomeka nyuma kwenye kikoi, akamjia mbuzi mikono mitupu, akamlaza ubavu, akamwelekeza kibla, kisha akamfunika jicho kwa kiganja mpaka atulie. Hapo ndipo mkono wa kulia ulirudi nyuma. Bismillahi, Allahu Akbar, na kisu kilipita mara moja tu. Kama palikuwa na mbuzi wa pili, huyo alifungwa nyuma ya ukuta asione. Usiku wa kuamkia Idi alinoa visu mpaka watu wote wamelala, mimi nikimwagia jiwe maji, na kila mwaka alinieleza sababu kana kwamba sijapata kuisikia: Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tunoe kisu vizuri, tumpumzishe mnyama. Kisu butu kwake kilikuwa dhuluma, na mtu aliyekuja bucha na kisu butu kuomba chinjo alirudishwa nyumbani.

Nilipofika Suratul Maida chuoni, ni yeye aliyenifasiria aya ya tatu. Pale wametajwa wanyama tusioruhusiwa kula: aliyekufa mwenyewe, aliyenyongwa koo, aliyepigwa akafa, aliyeanguka akafa, aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali, isipokuwa mkiwahi kumchinja kabla roho haijatoka. Wote hao ni vibudu. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka tisa, na sikuisikia kama orodha ya vyakula. Niliisikia kama orodha ya vifo, nikataka kujua kila kifo kina mwenyewe. Nani hunyonga? Nani hupiga? Nani huangusha? Babu alijibu aliyoyajua: paka, mwewe, na yule kanu aliyetumalizia kuku bandani. Mengine akaniambia, "Hayo yako bara, mwanangu. Ukikua utayaona."

Nimeyaona. Huu ni mwaka wa kumi na nne naendesha gari la watalii kutoka Malindi kwenda Tsavo Mashariki, kwa njia ya Kakoneni na Langobaya mpaka lango la Sala. Wageni huja kutazama wanyama, lakini ukweli ni kwamba wengi wao huja wakitumaini kuona mauaji, na wakiyaona huniomba nigeuze gari. Mimi sigeuzi upesi. Nina swali langu la tangu utotoni.

Nianze na paka, maana bucha isiyo na paka sijaiona mji huu. Watu hudhani paka humwua panya kwa kucha. Kucha ni za kushikia. Kinachoua ni chonge zake ndefu, anazozipenyeza kisogoni baina ya pingili na pingili za shingo, mpaka zikakata ule ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Chonge zile zina hisia kwenye mizizi yake, hivyo paka hupapasa kwa meno mpaka apate mwanya, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Akiupata, panya hulegea papo hapo. Akiwa bado hajathubutu kumkaribia, kwa sababu panya wa ghalani ni mkubwa na anang'ata, atamrusharusha na kumpigapiga mpaka amchoshe. Sisi tunasema anamchezea. Nimewatazama sana paka wa bucha, na naamini kwa sehemu kubwa ile ni hofu.

Simba naye ni paka, lakini pundamilia si panya. Shingo yake ni nene mno, chonge haziufikii ugwe ule kwa urahisi. Kwa hiyo simba hupita mlango mwingine, wa pumzi.

Nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza karibu na mto Galana, asubuhi moja ya kiangazi. Walikuwa majike watatu. Mmoja alirukia matako ya pundamilia akayaelemea kwa uzito wake mpaka miguu ya nyuma ikakunjika. Wa pili hakugusa koo. Alipanua kinywa chake akafunika pua na mdomo wa pundamilia kwa pamoja, akabana, akalala pale macho yakiwa nusu wazi. Damu haikuonekana. Nyuma yangu mgeni mmoja akanong'ona kwamba ni kama anambusu. Nikatazama saa. Dakika ya tano pundamilia alikuwa bado anapiga mateke hewani. Dakika ya tisa mguu mmoja ulikuwa unatetemeka. Dakika ya kumi na moja yule jike akaachia, akakaa kwanza aheme kabla ya kula.

Wageni walishusha pumzi. Walisema ni kifo cha heshima, hakina fujo. Mimi nilikuwa nimeshika usukani mikono imeloa jasho, nikiwaza kwamba Babu angekipiga marufuku kisu cha namna ile.

Simba hana hiari katika jambo hili. Teke la pundamilia linaweza kuvunja taya, na simba aliyevunjika taya ana njaa mbele yake na hakuna wa kumlisha. Akishikilia koo au pua, kichwa chake kiko mbali na kwato, na mnyama mwenye pembe hawezi kukigeuza kichwa chake amchome. Akimkamata nyati huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingine nyati wenziwe hurudi wakamwokoa ndugu yao. Isitoshe, simba hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Kwa hiyo akishika haachii.

Kila safari naulizwa habari za wale simba wawili wa 1898, waliokula wajenzi wa reli kwenye daraja la mto Tsavo. Walikuwa madume wasio na manyoya ya shingoni. John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, aliwapiga risasi mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na leo wamesimamishwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Patterson mwenyewe alikuja kudai watu 135. Watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu kama 35. Lakini ninachowaonyesha wageni mimi ni jino. Mmoja wao alikuwa na chonge iliyovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Wako wataalamu wanaoona kwamba simba mwenye maumivu yale hawezi kumbana nyati koo kwa dakika kumi, ndiyo maana akatafuta nyama laini iliyolala hemani. Wengine wanataja ukame na maradhi ya mifugo yaliyopunguza wanyama pori miaka ile. Sijui kama sababu ni moja, ila kila nikifika kwenye jino lile namkumbuka Babu akipitisha kidole gumba kwenye makali ya kisu.

Duma sitamkalia sana. Humkwaa swala mguuni kwa ule ukucha wa juu ya kiganja wakati wote wawili wako mbioni, swala akapiga mwereka, naye akamrukia koo. Kinachonisikitisha ni yanayofuata. Tundu za pua zake ni pana ili apate hewa ya kukimbilia, na inasemekana ndiyo maana mizizi ya chonge zake ni midogo. Hana nguvu ya kumaliza upesi. Hubana koo kwa dakika kadhaa huku yeye mwenyewe anatweta kwa puani, na akishaua hana hata pumzi ya kula. Mara nyingi fisi au simba hufika kabla hajafungua tumbo la swala.

Sasa mbwa mwitu.

Asubuhi ile tulikuwa hatujaenda mbali kutoka lango la Sala. Saba walitoka vichakani wakimfuata swala pala. Hawakunyatia wala kujificha. Walikuwa wanakimbia tu, mwendo uleule, masikio yao makubwa ya mviringo yamesimama. Mbwa mwitu hana kucha za kushikia kama paka, hana uzito wa kumwangusha mnyama mkubwa peke yake, na mdomo wake ni mwembamba. Alicho nacho ni miguu mirefu na wenzake. Wa kwanza alimshika swala pajani, wa pili chini ya mkia, wa tatu tumboni, kisha wote wakavuta. Tumbo likafunguka mbele yetu. Mama mmoja garini alilia kwa sauti. Mumewe akawaita mashetani, akaniamuru niwashe gari. Niliwasha kweli, mikono ikinitetemeka, lakini jicho moja lilikuwa kwenye saa kwa mazoea. Kutoka jino la kwanza mpaka kichwa cha swala kilipolala chini haikutimia dakika mbili.

Njiani sikuweza kusema neno. Niliona kama nimetazama uovu. Jioni, nikiwa peke yangu nafuta vumbi kwenye viti, ndipo hesabu iliponijia: yule pundamilia dakika kumi na moja, huyu swala hata mbili hazikufika. Ni kweli swala ni mdogo kuliko pundamilia. Lakini nimewahi kumwona simba akimbana swala pala vilevile, na hata huyo alichukua muda kuliko wa mbwa.

Jambo lenyewe liko hivi, na nilichelewa kulielewa ingawa nililelewa machinjioni. Babu akikata mishipa mikubwa ya shingo, damu inayokwenda kwenye ubongo inakatika. Ubongo hauna akiba. Damu ikikoma, fahamu huondoka kwa muda mfupi. Mnyama anayezibwa pumzi bado ana damu inayozunguka, na damu ile bado ina oksijeni kidogo, kwa hiyo ubongo unaendelea kuwaka mpaka oksijeni hiyo iishe. Mbwa mwitu hawajui kuchinja, na sisemi kwamba kurarua tumbo ni sawa na kisu kikali. Lakini mlango wao ni ule wa Babu, wa damu. Mishipa mingi inapasuka kwa pamoja, presha inaanguka, mwili unaingia katika mshtuko. Simba, ambaye hatumwoni akimwaga damu, ndiye mwenye kisu butu.

Na maumivu? Hakuna swala aliyerudi kusimulia, ila yuko mtu. Mmisionari David Livingstone aliangushwa na simba kusini mwa Afrika mwaka 1844, akamvunja mfupa wa mkono na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya. Baadaye aliandika kwamba katika dakika zile hakuhisi maumivu wala woga, ni kama mtu aliye katika ndoto huku akiona kila kinachotendeka. Sina uhakika kama kila mnyama hupewa usingizi ule. Naomba iwe hivyo.

Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, katika mbuga nyingi za Afrika, mbwa mwitu walipigwa risasi na walewale waliopewa kazi ya kulinda wanyama. Kosa lao lilikuwa namna wanavyoua. Walionekana washenzi. Leo barani kote hawafiki elfu saba, na bado kichaa cha mbwa, mitego ya nyaya na magari vinawapunguza. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Mnyama amehukumiwa kwa sababu kazi yake haipendezi machoni, na hakuna aliyetazama saa. Siku nyingine, kundi jingine, askari mmoja wa wanyama aliniambia nisiondoke. Watoto wa mbwa wale walipofika, wakubwa waliokuwa wameanza kula walisogea nyuma wakawapisha. Wadogo wakala kwanza. Wale wachanga zaidi wanaobaki shimoni, wakubwa huwarudia na kuwatapikia nyama. Kwa simba nimeona kinyume chake: dume akifika, watoto husubiri.

Fisi naye amedhulumiwa kwa namna hiyohiyo. Tunamwita mla mizoga, na methali zetu hazimheshimu hata kidogo. Katika miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alikesha na fisi wa Ngorongoro, akakuta kwamba sehemu kubwa ya chakula chao wanawinda wenyewe usiku, na mara nyingi simba anayeonekana alfajiri juu ya mzoga amewanyang'anya wao. Watu waliamka asubuhi wakamwona simba anakula na fisi wanazunguka, wakaandika hukumu.

Nirudi kwa anayenyonga, maana lile ndilo neno la aya nililolitafuta kuliko yote. Utotoni niliamini ni chatu. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu, na kila familia ya huku ina hadithi ya chatu na mbuzi. Tuliambiwa hujizungusha mpaka mbuzi asiweze kuvuta pumzi. Kumbe sivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima moyo na mishipa ya panya waliobanwa na jamaa yake chatu, boa wa Amerika. Ndani ya sekunde chache damu ilikuwa haisogei. Mbano ule unauzidi nguvu moyo. Moyo unasukuma lakini damu haina pa kupita, na mnyama anazimia kabla hajafikia kukosa hewa. Mnyongaji mkubwa wa hadithi zetu hapiti mlango wa pumzi hata kidogo, naye yuko upande wa damu. Anayenyonga hasa ni simba, mfalme.

Aliyepigwa akafa nilimpata kwa ndege karani, yule mrefu anayetembea nyikani kwa hatua za mkubwa wa ofisi, mwenye manyoya ya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa nyuma ya sikio. Humpiga nyoka teke la kichwa, na teke hilo lina nguvu mara tano ya uzito wa ndege mwenyewe. Aliyeanguka sijamwona kwa macho. Najua tu kwamba milimani Ulaya wako tai wanaowaburura mbuzi wa majabali mpaka wakaporomoka. Aliyepigwa pembe, Babu alisema, hahitaji mwindaji. Nenda zizini siku mafahali wamegombana.

Mamba hakutajwa kwa jina, lakini watu wa Sabaki hawahitaji kutajiwa. Mto ni uleule, Galana huko juu na Sabaki unapotukaribia, na maji tunayokunywa mjini yanatoka Baricho, kandokando yake. Meno ya mamba ni kama vigingi, ni ya kushika, hayakati wala hayatafuni. Taya zikifumba hakuna mnyama mwenye nguvu ya kuzifumbua, ila misuli ya kuzifungua ni dhaifu, hata kamba ya katani inatosha kuzifunga. Kwa kuwa hawezi kukata, humvuta mnyama majini azame, naye ana kizibo nyuma ya ulimi kinachozuia maji yasimwingie kooni wakati kinywa kiko wazi. Kisha hushika kiungo akajizungusha mwili mzima mpaka kikanyofoka. Hilo nililiona mara moja, kuro mmoja kwenye ukingo wa Galana, na sitalieleza zaidi.

Baharini vifo ni vya kimya. Mjomba wangu huchokoa pweza miambani maji yakitoka, na ananionyesha makombe yenye kitundu kidogo safi kama kilichotobolewa kwa keke: pweza ametoboa, akatia mate yenye sumu, mwenye nyumba akalegea akafunguka. Kwa kaa haimchukui muda, humbana kwa mikono yote na kumwuma. Mkunga ana taya za pili ndani ya koo, zinazokuja mbele zikamvuta samaki aliyekwisha kamatwa, jambo ambalo wanasayansi walilieleza mwaka 2007 tu ingawa wavuvi wa Malindi wamekuwa wakikatwa vidole na mkunga tangu zamani.

Na hapa naomba wazazi wanisikilize. Lile kombe zuri lenye umbo la pia, lenye madoa ya kahawia, ambalo watoto huliokota na kulitia mfukoni, likiwa hai ni mwindaji. Ndani mna konokono mwenye jino mfano wa chusa. Humchoma samaki, na samaki hukakamaa papo hapo. Wako wa aina yake ambao kwanza humwaga majini insulini, ileile ya wagonjwa wa sukari, samaki akalegea kwa kupungukiwa na sukari mwilini, kisha akafunikwa kama kwa mfuko. Sumu hiyo imewahi kuua watu. Kutoka kwa ndugu yake mmoja wa Pasifiki ilitengenezwa dawa ya maumivu makali, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mwindaji huyo dhaifu, asiyeweza hata kukimbia, ameua kwa utulivu kuliko simba. Mtoto wako asimwokote.

Babu sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Nikirudi kutoka Sala hupita kwake baada ya Isha, nikamwamkia shikamoo, tukakaa barazani na kahawa. Huniuliza nimeona nini. Sifa za mnyama hazitaki, wala hataki kujua wageni walisema nini. Anachotaka ni muda, na kwa kuwa saa haioni, tumezoea hivi: mimi nagonga ubao wa baraza mnyama anaposhikwa, nakaa kimya nikitazama saa yangu, nagonga tena roho inapotoka.

Siku nilipomgongea pundamilia yule wa kwanza, Babu alimimina kahawa, akanywa, akamimina tena, akakiacha kikombe. Mara mbili alidhani nimesahau. Nilipogonga kahawa ilikuwa imepoa, akaimwaga uani.

Mbwa mwitu nilichelewa kumsimulia. Niliona haya, kama kwamba ni mimi niliyefanya. Nilipomgongea hatimaye, alikuwa amekiinua kikombe. Alipiga funda moja, la pili, la tatu, nikagonga.

"Tayari?"

"Tayari, Babu."

Alikishika kikombe mkononi bila kukinywa. Akauliza kama ni kweli wadogo hutangulizwa kula, nikamwambia nimewaona kwa macho yangu. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya ukingo wa kikombe, taratibu, kutoka upande hadi upande.

"Gonga tena ile ya mbwa," akasema.